Maswali ya Jikoni: Kuku wa Pilipili na Matunda

Barua zilizotufikia mwezi huu ni nyingi, na sehemu kubwa yake inahusu chakula kimoja: kuku aliyeungwa kwa pilipili na matunda, kwa ajili ya mlo wa jioni usiomlemea mlaji. Nimefurahi sana, kwa kuwa hiki ni chakula ninachokipenda na ambacho mara nyingi hupikwa vibaya, si kwa sababu ni kigumu, bali kwa sababu tunda huingizwa kikaangoni kama pambo, bila mpishi kujiuliza litafanya kazi gani humo na kwa muda gani. Nimechagua barua saba ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa wasomaji wengine pia.

*Shikamoo Shangazi. Nilisoma kwamba maji ya nanasi hulainisha nyama, basi nikaloweka minofu ya vidari vya kuku ndani ya nanasi lililosagwa, tangu usiku hadi jioni ya siku ya pili. Nilipoipika, nyama ilimeguka ikawa kama uji, na rojo lake likashika chini na kuwa chungu kabla nyama haijaiva ndani. Nimekosea wapi? Na je, unaweza kunielekeza namna ya kumpika kuku huyu kwa watu wanne bila mafuta mengi? — Mwanagenzi wa jikoni*

Marahaba, mwanangu. Ulichosoma ni kweli, ila hukuambiwa habari ya saa. Nanasi ambalo halijapita motoni lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, ambacho kazi yake ni kuvunjavunja protini, na nyama kwa sehemu kubwa ni protini na maji. Papai lina papaini, kiwi lina aktinidini, na tini lina fisini, na vyote hufanya kazi ileile. Kimeng'enya hiki hakijui mahali pa kuishia: kikiachwa dakika 20 au 30 hulainisha uso wa nyama, lakini kikiachwa usiku kucha na mchana wake huendelea kula nyuzi za nyama mpaka zisishikane tena. Moto ndio unaokikomesha, na ndiyo sababu nanasi la kopo, ambalo limekwisha kupashwa moto kiwandani, halilainishi nyama hata ukiliacha siku nzima.

Kwa maoni yangu, kidari cha kuku hakihitaji kulainishwa hata kidogo. Ni nyama laini tangu mwanzo, isiyo na mafuta mengi, na ugumu tunaoulalamikia hutokana na kuipika kupita kiasi mpaka maji yake yakatoka yote. Paja ni tofauti, kwa kuwa lina mafuta zaidi na nyuzi za kuunganisha misuli ambazo huhitaji muda mrefu kidogo ili zilegee. Kwa hiyo paja humsamehe mpishi aliyechelewa kuepua, ilhali kidari hakisamehi. Mimi huchagua paja lililotolewa ngozi ninapopikia wageni ambao sina hakika watafika saa ngapi.

Ama uchungu wa rojo lako, huo ulitokana na sukari ya tunda. Sukari ya matunda iitwayo fruktosi huanza kubadilika rangi kwenye joto la nyuzi 110 hivi za Selsiasi, wakati uso wa kikaango kilichokolea moto hupita nyuzi 150 bila taabu. Nyama iliyofunikwa kwa nanasi lililosagwa ikiwekwa juu ya moto huo, tunda huungua likawa jeusi nje wakati nyama bado ni mbichi ndani. Dawa yake ni kuvitenganisha viwili hivi mwanzoni, kila kimoja kikaangwe peke yake, kisha vikutane mwishoni ndani ya rojo, ambamo joto haliwezi kuzidi sana lile la maji yanayochemka.

Kwa watu wanne, chukua gramu 600 za mnofu wa kuku usio na ngozi, uukate vipande vya unene wa sentimita 3 hivi, kisha uukaushe kwa karatasi ya jikoni. Uchanganye na nusu kijiko cha chai cha chumvi, tangawizi iliyopondwa ya ukubwa wa kidole gumba, punje mbili za kitunguu saumu, nusu kijiko cha chai cha manjano na vijiko viwili vikubwa vya mtindi usiotiwa sukari, uuache ndani ya jokofu kwa nusu saa. Wakati huo menya nanasi, upate gramu 300 za nyama yake, nazo uzigawe mafungu mawili: fungu moja likatwe vipande vya kuonekana, la pili lipondwe pamoja na maji yake. Menya pia vitunguu maji viwili na ukate pilipili hoho moja isiyowasha. Pilipili ya kuwasha iwe moja au mbili, kwa kadiri ya midomo ya walaji wako.

Weka kikaango kipana motoni kwa moto wa kadiri, tia kijiko kimoja tu kikubwa cha mafuta, na yakishapata moto panga vipande vya kuku bila kuvibananisha, hata kama itakubidi uvikaange kwa awamu mbili. Vibananishwapo hutoa maji, na hapo vinachemka badala ya kukaangika, na ule ukoko mwekundu wenye harufu nzuri haupatikani. Viache dakika mbili au tatu kila upande, uvitoe, hata kama ndani havijaiva. Katika kikaango hichohicho, bila kuongeza mafuta, weka vipande vya nanasi kwa dakika mbili mpaka kingo zake zipate rangi ya dhahabu, navyo uvitoe kando. Sasa tia vitunguu maji pamoja na maji kidogo, ukikwangua kwa mwiko ile rangi iliyoshika chini, kwa kuwa humo ndimo ladha ilimojificha. Vitunguu vikilegea, baada ya dakika sita hivi, tia punje mbili nyingine za kitunguu saumu, kijiko cha chai cha bizari nyembamba iliyosagwa, pilipili manga na pilipili ya kuwasha, ukoroge kwa dakika moja tu, kisha umimine nanasi lililopondwa na nusu kikombe cha maji.

Liache rojo lichemke dakika tano mpaka lianze kuwa zito. Mrudishe kuku, funika, punguza moto, na umwache kwa dakika sita hadi nane. Dakika mbili kabla ya kuepua, tia pilipili hoho na vile vipande vya nanasi. Kipande kinene kuliko vyote kinapaswa kufika nyuzi 74 katikati. Usiyekuwa na kipimajoto, kikate kipande hicho uone kwamba hakuna wekundu wala majimaji ya rangi ya waridi, ingawa kipimajoto ni cha kuaminika zaidi kuliko macho. Epua kwanza, halafu ndipo ukamulie ndimu na kunyunyiza majani ya giligilani, kwa sababu harufu ya vitu hivi viwili haivumilii moto.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mzee wa miaka 67 na nina shinikizo la damu. Daktari amenitaka nipunguze chumvi, na tangu hapo chakula chote kimekuwa hakina maana kinywani. Binti yangu anasema matunda na pilipili vinaweza kuziba pengo hilo. Je, ni kweli, au ananifariji tu? — Babu asiye na hamu ya kula*

Shikamoo, mzee wangu. Binti yako amesema kweli, na umshukuru kwa niaba yangu. Ulimi hauna njia moja tu ya kuambiwa kwamba chakula kina ladha: uchachu wa ndimu au wa nanasi, ukali wa pilipili, harufu ya bizari iliyokaangwa na ukoko wa nyama iliyopata rangi vyote huufanya ulimi uridhike na chumvi kidogo zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate na vyakula vya viwandani. Katika maelekezo niliyompa mwanagenzi hapo juu, nusu kijiko cha chai kimegawanywa kwa watu wanne, na kila mmoja hupata chini ya gramu moja. Wewe unaweza kuipunguza tena hata ikabaki nusu yake, ukaongeza ndimu mwishoni, na ninaamini hutaikumbuka ile iliyokosekana.

Hata hivyo, kuna mitego. Vidonge vya kuungia mchuzi ni chumvi kwa sehemu kubwa, na kijiko kimoja kikubwa cha sosi ya soya kina zaidi ya gramu 2 za chumvi, kwa hiyo anayeacha kutia chumvi akatia vijiko viwili vya sosi amejipunja mwenyewe. Soma kibandiko cha chupa kabla ya kuamini neno lolote lililoandikwa kwa herufi kubwa mbele yake.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ningependa ulichukue kwa uzito, mzee wangu, ingawa hukuliuliza. Balungi huingiliana na baadhi ya dawa, zikiwemo dawa fulani za shinikizo la damu kama vile felodipini na nifedipini, na baadhi ya dawa za kupunguza lehemu kama vile simvastatini. Tunda hilo huzuia kimeng'enya cha utumbo ambacho kwa kawaida huvunja sehemu ya dawa, na matokeo yake ni kwamba dawa nyingi kuliko ilivyokusudiwa huingia katika damu. Kulila asubuhi na kumeza dawa jioni hakusaidii, kwa kuwa athari yake inaweza kudumu zaidi ya saa 24. Muulize mfamasia wako kuhusu dawa unazotumia, na mpaka atakapokujibu, tumia nanasi au embe, na uache balungi. Na ikiwa umewahi kuambiwa kwamba figo zako zina udhaifu, zungumza na daktari kabla ya kuongeza matunda mengi, au kabla ya kutumia zile chumvi mbadala zenye potasiamu.

*Shangazi mpendwa, mama yangu ana kisukari cha aina ya pili. Ninapenda kumpikia kuku wa embe, lakini jirani ananiambia kwamba ninamdhuru kwa sukari ya matunda. Nifanye nini? — Binti mwenye wasiwasi*

Binti yangu, wasiwasi wako una msingi, lakini jirani ameweka matunda yote na namna zote za kuyala katika kapu moja. Tunda zima, lililokatwa vipande na kuliwa pamoja na nyuzinyuzi zake, hutoa sukari yake polepole kuliko maji ya tunda yaliyokamuliwa na kuchujwa. Shirika la Afya Duniani, linapowataka watu wapunguze sukari huru mpaka chini ya asilimia 10 ya nguvu ya chakula chao cha siku, huhesabu humo sukari ya mezani, asali na maji ya matunda, lakini haliihesabu sukari iliyomo ndani ya tunda zima.

Basi tazama kiasi. Gramu 300 za nanasi zikigawanywa kwa watu wanne, kila mmoja hupata gramu 75, zenye sukari ya gramu 7 au 8 hivi, ambazo ni chini ya vijiko viwili vya chai. Embe bivu lina sukari zaidi kidogo kuliko nanasi, kwa hiyo tumia lile ambalo limeanza tu kuiva, lenye uchachu. Nalo ndilo bora kwa mapishi haya hata kwa asiye na kisukari, kwa maana halivurugiki motoni. Usitie sukari, wala asali, wala ile sosi tamu ya pilipili ya chupa, ambayo mara nyingi sukari ndiyo iliyotangulia katika orodha ya viambato vyake.

Kinachomdhuru mgonjwa katika sahani ya namna hii, mara nyingi, ni mlima wa wali ulio chini ya kuku, wala si embe lililo juu yake. Wataalamu wa lishe hushauri sahani igawanywe hivi: nusu yake iwe mboga zisizo na wanga mwingi, robo iwe kuku, na robo iliyobaki iwe wanga. Kwa kuwa embe nalo lina wanga, mpunguzie wali kidogo siku hiyo. Kisha mpime sukari saa mbili baada ya kula, mara mbili tatu katika siku tofauti, mwone wenyewe mwili wake unavyolipokea, na majibu hayo mumpelekee daktari wake. Kipimo hicho kitamaliza ubishi wako na jirani kwa heshima.

*Shangazi, nimezidisha pilipili na watoto wanalia. Nimewapa maji lakini hayasaidii. Kuna namna ya kukiokoa chakula? — Baba aliyepika kwa mara ya kwanza*

Hongera kwa kuingia jikoni, baba. Kitu kinachowasha ndani ya pilipili ni kapsaisini, nayo huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Maji huieneza tu kinywa kizima. Wape maziwa au mtindi, ambavyo protini yake huikamata kapsaisini na kuiondoa ulimini. Ama chakula chenyewe, ongeza kiasi cha kila kitu kingine: nanasi, pilipili hoho, vitunguu, na kijiko au viwili vya mtindi baada ya kuepua. Siku nyingine, wapakulie watoto kwanza, ndipo utie pilipili katika sehemu ya wakubwa.

Ukitaka kupunguza ukali tangu mwanzo, ondoa ule utando mweupe wa ndani unaoshikilia mbegu, kwa kuwa humo ndimo kapsaisini inamokaa kwa wingi, na mbegu huwasha kwa sababu tu zimeugusa. Pilipili nazo si sawa: katika kipimo kilichobuniwa na Wilbur Scoville mwaka 1912, pilipili hoho ni sifuri, wakati pilipili ya jamii ya habanero hufika kati ya 100,000 na 350,000. Paka mafuta kidogo mikononi kabla ya kuikata, kisha nawa kwa sabuni, na usimguse mtoto usoni kabla ya hapo. Jambo linalonishangaza kila ninapolifikiria ni kwamba kuku mwenyewe, kama ndege wengine, haisikii pilipili hata kidogo. Kipokezi cha neva kinachotufanya sisi tuhisi moto hakiitikii kapsaisini kwa ndege, na hivyo yeye huila na kuzisambaza mbegu zake bila taabu.

*Ndugu Mhariri, nilikuwa mpenzi wa pilipili, lakini nimegundulika kuwa na vidonda vya tumbo, na kila mtu anasema nimejiletea mwenyewe. Je, ni pilipili iliyoniletea? Na je, nimeagana nayo daima? — Msomaji wa siku nyingi*

Pole sana, ndugu yangu, na kwanza uondolewe lawama hiyo. Vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama vile aspirini na ibuprofeni. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, ndio waliomtambua bakteria huyo na uhusiano wake na vidonda, na mwaka 2005 walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi hiyo. Mpaka walipoieleza, watu waliamini kwa miaka mingi kwamba kosa ni la pilipili na mawazo mengi.

Hata hivyo, kutokuwa chanzo si sawa na kutokuwa na athari. Wapo ambao pilipili huwaongezea maumivu au kiungulia, na matunda yenye uchachu mwingi huwafanyia vivyo hivyo. Kwa hiyo, wakati wa matibabu, mpike kuku wako kwa embe bivu, papai bivu au pea, umuunge kwa bizari nyembamba, giligilani, mdalasini kidogo na tangawizi ya kiasi, uache pilipili na ndimu. Kula mapema, angalau saa mbili au tatu kabla ya kulala. Maliza dawa zote ulizoandikiwa hata ukijisikia nafuu, na ukishathibitishiwa na daktari kwamba umepona, irudie pilipili kwa kiasi kidogo, ukisikiliza tumbo lako. Ukiona choo cheusi kama lami, au ukitapika damu, usingoje barua yangu. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

*Shangazi, mama mkwe wangu anasisitiza kuku lazima aoshwe kwa ndimu na maji mengi kabla ya kupikwa, nami nimesikia kwamba haifai. Sitaki kumkosea adabu. Na je, kiporo cha kuku huyu hukaa siku ngapi? — Mkwe mwema*

Mwanangu, mama mkwe anataka chakula safi, na nia hiyo ni yako pia. Mlipotofautiana ni njia tu. Kuku mbichi anaweza kuwa na bakteria kama Salmonella na Campylobacter, na maji ya bomba hayawaui, bali huwarusha juu ya sinki, vyombo, nguo na hata matunda yaliyo karibu. Ndimu nayo haiwaui kiasi cha kutegemewa. Kinachowaua ni moto wa kutosha. Hatari ya chakula chetu hiki ni kubwa zaidi ya kawaida, kwa kuwa ndani yake mna tunda na majani yanayoliwa bila kupikwa. Kwa hiyo osha na kukata matunda kwanza, uyaweke mbali, na ndipo umlete kuku juu ya ubao mwingine, au juu ya uleule baadaye, usioguswa tena na kitu kingine mpaka uoshwe kwa maji moto na sabuni. Nawa mikono kwa sekunde 20. Mtindi uliolowekea kuku usiumimine kwenye chakula kilichokwisha kuiva.

Ukimkausha kuku kwa karatasi ya jikoni, unaondoa utelezi ambao mama anauchukia, na nyama hushika rangi vizuri zaidi. Mpe ndimu aikamue yeye mwenyewe wakati wa kupakua, mahali ambapo inaonja vizuri zaidi kuliko ndani ya sinki. Nadhani ataridhika.

Kiporo kiingie katika jokofu kabla ya saa mbili kupita, ndani ya chombo kifupi ili kipoe haraka, na kiliwe ndani ya siku tatu au nne. Kipashe moto mpaka kifuke mvuke hadi katikati, na upashe kile tu unachokula, kwa sababu nanasi likipashwa mara kwa mara huwa kama majani yaliyochemshwa.

*Ndugu Mhariri, ninakoishi nanasi na embe hupatikana kwa msimu tu. Matunda gani mengine yanafaa, na je, ya kopo au yaliyokaushwa yanakubalika? — Mpenda matunda*

Yanakubalika, ndugu, mradi kila moja liingie kwa wakati wake. Nanasi la kopo lililohifadhiwa katika maji yake lenyewe linafaa sana kwa rojo. Lililo katika sharubati ya sukari ulichuje na kulisuuza, ingawa mimi ningelipita dukani bila kugeuka. Embe lililogandishwa ni zuri kuliko wengi wanavyodhani, nalo litiwe likiwa bado na barafu, dakika tatu kabla ya kuepua, kwa kuwa likiyeyuka nje hulegea na kupoteza umbo. Chungwa hutaka hadhari: maji yake na maganda ya juu yaliyoparwa ni mazuri, lakini ule utando mweupe ulio chini ya ganda ni mchungu, na mkuno ukiufikia rojo lote huharibika. Punje za komamanga zisiguse moto kabisa. Zinyunyize juu ya sahani.

Matunda makavu, kama zabibu na tini, yamekolea sukari kwa kuwa maji yake yametoka, kwa hiyo kiganja kimoja kinatosha watu wanne, nayo yaingie mapema pamoja na vitunguu ili yafure na kuutoa utamu wake ndani ya mchuzi. Ukwaju nao ni tunda, ingawa tunausahau kwa kuwa si mtamu. Uloweke, uchuje, na utumie mahali pa ndimu ukitaka rojo zito la rangi ya udongo ambalo pilipili hukaa ndani yake kwa utulivu.

Lakini kama ningeambiwa nichague tunda moja kwa miezi isiyo na nanasi, ningechukua tufaha gumu lenye uchachu. Likate vipande vinene pamoja na ganda lake, likaange kwa dakika tatu katika mafuta aliyoyaacha kuku, litoe, halafu katika vitunguu ongeza kipande kimoja cha mdalasini na karafuu mbili, ukiacha bizari nusu ya kiasi nilichotaja. Tufaha lirudi kikaangoni dakika nne kabla ya kuepua, lilainike nje na libaki na mkato wake katikati.